UZI: Umepanga jirani na ghala la gesi, matangi ya mafuta au kiwanda cha barafu? Nyumba iandaliwe hivi

Koki_Kuu (mwanzisha uzi)

Wakuu, salamu.

Wengi wakisikia kujiandaa kwa dharura ya kiwanda wanakimbilia mkoba: tochi, biskuti, maji ya chupa. Mkoba tutaufikia. Swali la kwanza ni hili: ng'ambo ya ukuta ule kuna nini hasa? Hatua inayokuokoa kwenye klorini inaweza kukuua kwenye gesi ya kupikia. Klorini inataka upande ghorofani, ufunge madirisha na utulie. Gesi ya kupikia inataka utoke sasa hivi, kwa miguu, bila kugusa swichi yoyote.

Kujua si kazi ngumu. Simama barabarani uangalie malori yanayoingia. Tangi linalofuata utaratibu lina kibao cha rangi ya chungwa chenye namba mbili, moja juu ya nyingine. Ya chini ndiyo jina la mzigo:

1075 – gesi ya kupikia (LPG)
1203 – petroli
1202 – dizeli
1005 – amonia
1017 – klorini
1830 – asidi ya salfa
1689 – sianidi ya sodiamu, ile ya migodi ya dhahabu

Ya juu inaeleza tabia yake. 23 ni gesi inayowaka, 33 ni kimiminika kinachoshika moto upesi sana. Ikianza na herufi X, mzigo huo ukikutana na maji kuna balaa. Ziandikeni kwenye karatasi, mbandike nyuma ya mlango wa jikoni.

Lori lisilo na kibao lisikupe amani. Tabia ya eneo inasema mengi. Mitungi inapakuliwa usiku, hakuna bango la mwenye leseni, harufu inakuja na kuondoka: hapo kuna ujazaji wa gesi. Embakasi, Nairobi, usiku wa tarehe 1 Februari 2024, moto ulitokea kwenye eneo ambalo EPRA, mamlaka ya nishati ya Kenya, ilisema maombi ya kujenga kituo cha gesi yalikuwa yamekataliwa mara tatu mwaka 2023, sababu mojawapo ikiwa wingi wa watu wanaoishi hapo. Kibali kilikataliwa, gesi ilikuwepo. Kwa hiyo msimwulize mtendaji au chifu "kuna kibali?" peke yake. Ulizeni kinachopakuliwa.

---

Barafu_Chini_Sifuri

Naongezea upande wa amonia, kwa sababu watu hawaihesabu kabisa. Viwanda vya samaki, barafu, bia, soda na maziwa vingi vinapoza kwa amonia. Uko Mwanza karibu na kiwanda cha minofu, au Mombasa karibu na ghala la baridi? Hesabu kuwa unayo jirani.

Vitabu vitakuambia amonia ni nyepesi kuliko hewa, hivyo itapaa. Ni kweli ikiwa mvuke mkavu. Ikichomoka kwenye bomba lenye shinikizo inatoka na matone, ni baridi kupita kiasi (inachemka kwenye nyuzi 33 chini ya sifuri), na hapo inakuwa ukungu mweupe unaotambaa chini kama moshi wa jiko la kuni asubuhi ya baridi. Mtu anaona ukungu uko magotini, anadhani anaweza kuuvuka. Asithubutu.

Zuri lake ni kwamba pua inaikamata mapema mno, kwenye sehemu 5 tu kwa milioni, wakati kiwango cha hatari kwa maisha kinahesabiwa kuanzia 300. Ukisikia harufu kali ya mkojo wa zizini ina maana bado una dakika za kufanya jambo. Amonia pia inayeyuka sana kwenye maji, kwa hiyo kanga ya pamba iliyoloweshwa na kukamuliwa, ukaifunga puani na mdomoni, inapunguza kweli kweli. Inakupa muda wa kuondoka tu, wala si ruhusa ya kukaa.

Kosa la majirani wema: kwenda na ndoo kumwagia maji dimbwi la amonia. Maji ya kawaida kwa dimbwi lile ni ya moto sana, litachemka na wingu litaongezeka mara dufu. Zimamoto hunyunyizia wingu, hawamwagi kwenye dimbwi. Waachieni.

---

mama_ploti_ya_pili

Barafu, hiyo kanga ya maji inafaa kwa gesi zote? Huku mtaani watu wanaamini kitambaa kibichi ni dawa ya kila kitu. Na maziwa.

---

Barafu_Chini_Sifuri

Hapana dada. Amonia, inafaa. Klorini, kiasi, kwa muda mfupi. Gesi ya kupikia, haifai kitu, maana shida yake kubwa ni kulipuka. Barakoa za hospitali na N95 hazizuii gesi yoyote. N95 inapunguza masizi ya moshi, basi.

Maziwa hayaondoi gesi kwenye mapafu. Ukimnywesha mtu anayekohoa na kubanwa pumzi, unamwongezea hatari ya kupaliwa.

---

Koki_Kuu

Sasa LPG, ambayo ndiyo iko mitaani kwetu zaidi.

Lita moja ya gesi ikiwa kimiminika, ikivuja inatoa karibu lita 250 za mvuke. LPG ni propani na butani: propani ni nzito kuliko hewa mara moja na nusu, butani mara mbili. Kwa hiyo haipai, inatafuta bonde: mitaro, mashimo ya maji taka, vyumba vya chini, uani kwenye ukuta mrefu. Na inahitaji kuwa takribani asilimia 2 tu ya hewa ili iwake.

Ukungu mweupe unaoonekana kwenye uvujaji ni unyevu wa hewa uliopozwa, gesi yenyewe haina rangi. Sehemu inayoweza kuwaka inaenea MBELE ya mwisho wa ukungu. Anayesimama mita kumi nje ya ukungu akipiga picha anaweza kuwa ndani ya gesi tayari. Harufu nayo isikudanganye ikififia, pua inazoea.

Mpangilio wa kutoka uko hivi. Kama king'ora kimelia au harufu iko mbali, ndani kwako bado hakujaingia kitu, zima jiko na mshumaa, zima meni swichi, toka. Kama harufu iko NDANI tayari, usizime wala usiwashe. Swichi hutoa cheche pande zote mbili. Acha friji, acha taa, acha simu mfukoni, fungua mlango utoke. Gari au bodaboda usiwashe, tembea. Majirani waamshe kwa kugonga mlango kwa mkono, si kwa kengele ya umeme. Zimamoto utawapigia ukiwa umeshafika mbali, upande upepo unakotokea. Tanzania ni 114, Kenya 999 au 112.

Umbali: mwongozo wanaotumia waokoaji wa Amerika Kaskazini unashauri mita 800 upande upepo unakoelekea kwa uvujaji mkubwa wa LPG bila moto, na kilomita 1.6 pande ZOTE tangi likiwa ndani ya moto. Tangi lililozungukwa na moto huchemka ndani, chuma cha juu kisicho na kimiminika nyuma yake kinalainika, linapasuka, vipande vinaruka. Valvu ya usalama ikianza kupiga mluzi na mluzi ukawa unapanda, au rangi ya tangi ikibadilika, hakuna tena "ngoja nichukue".

---

Kusi_na_Kaskazi

Watu wanasema "kimbia mbali na kiwanda". Sivyo. Ukikimbia na upepo unatembea na wingu, nalo lina kasi kuliko wewe ukibeba mtoto. Bhopal, India, usiku wa kuamkia tarehe 3 Desemba 1984, gesi ya sumu ilipovuja kiwandani, wengi walikimbia kuelekea upepo ulikokwenda, wakihema kwa nguvu, wakameza sumu zaidi.

Kata upepo. Upepo ukikupiga usoni au mgongoni, geuka uupokee begani na utembee hivyo hadi utoke kwenye wingu. Halafu ndipo zunguka kuelekea upepo unakotoka.

Ili ujue upepo usiku wa giza, funga ukanda wa kitambaa chepesi, upana wa vidole vitatu na urefu wa mkono mmoja, juu ya mlingoti wa antena au kona ya ukuta inayofikiwa na mwanga wa taa ya nje. Kanga iliyochakaa inafaa kuliko jinzi.

Kwa watu wa pwani, msitegemee msimu peke yake. Kusi inatoka kusini-mashariki, kaskazi kaskazini-mashariki, hilo kila mvuvi analijua. Ila kila siku mchana upepo wa bahari unasukuma kuingia bara, na usiku wa manane unaweza kutulia kabisa au kugeuka kuwa umande, yaani upepo unaotoka nchi kavu. Mtu wa Kurasini au Vijibweni, Dar es Salaam, anahitaji njia MBILI za kutoka, moja ya mchana na moja ya usiku. Usiku uliotulia ndio mbaya zaidi kwa gesi nzito: haisambai, inajaa bondeni. Njia yako ya usiku isipite mtaroni wala kwenye daraja la mto.

Itembeeni njia hiyo kwa miguu, na mtoto na bibi. Mahali utakapokuta ukuta mpya au geti la mtu, ni heri ulione leo.

---

mama_ploti_ya_pili

Geti ndiyo shida ya huku Nairobi. Ploti nyingi mwangalizi anafunga kufuli saa tano usiku anaenda kulala na funguo. Embakasi ilikuwa saa tano na nusu. Mnashauri nini? Na madirisha yote yana nondo.

---

Koki_Kuu

Dada, hilo lina uzito kuliko mkoba wote.

Geti la ploti liwe na komeo linalofunguka kwa ndani bila ufunguo. Mwenye nyumba akikataa kwa ajili ya wezi, basi ufunguo wa pili ukae kwenye kiboksi chenye kioo chembamba pembeni mwa geti, upande wa ndani, urefu ambao mtoto wa miaka kumi anafikia. Andikeni barua ya wapangaji wote, si ya mtu mmoja.

Nondo: dirisha moja kwa kila nyumba, la chumba cha kulala, fundi akate fremu ya nondo aiwekee bawaba na komeo la ndani. Upana wa kupitisha mabega, sentimita 50 kwa 60 hivi. Bawaba ipakwe mafuta, ijaribiwe kila mwezi, maana ikipigwa rangi mara mbili bila kufunguliwa inaganda.

Ufunguo wa mlango wa nyumba ukae msumarini, pale pale, kila usiku. Ndani ya mkoba wa mama, hapana.

---

Dari_na_Bati

Nije kwenye kujifungia ndani, yaani klorini, amonia ya mbali, au moshi mzito, pale ambapo kutoka nje ni kuingia kwenye wingu. Maelekezo ya Ulaya na Marekani yanasema "funga madirisha, ziba kwa plastiki". Yameandikwa kwa nyumba zao. Nyumba zetu zina matundu ya hewa juu ya kila dirisha, madirisha ya luva yasiyofunga sawasawa, na bati linaloacha mwanya juu ya ukuta. Chumba kisicho na dari usihangaike kukiziba, utapoteza dakika kumi bure.

Chagua chumba chenye dari nzima, dirisha dogo, na kiwe upande usioelekea kiwanda. Jengo la ghorofa na hofu ni klorini? Panda juu, klorini ni nzito kuliko hewa karibu mara mbili na nusu. Kadiria mita moja ya mraba ya sakafu kwa kila mtu kwa saa chache. Watu saba kwenye choo cha mita mbili ni kubanana hadi hewa iwaishie.

Vifaa: nailoni nene ya kupima kwa mita, selotepu pana ya kufungia maboksi roli mbili, mkasi, mataulo mawili, ndoo ya maji ya lita 20. Nailoni ikatwe MAPEMA. Pima dirisha pamoja na matundu yake ya hewa, ongeza sentimita 15 kila upande, kata, andika kwa kalamu ya wino "dirisha la chumba cha nyuma", kunja. Siku yenyewe mikono inatetemeka, hutapima kitu.

Inapokwamia: selotepu haishiki kwenye chokaa wala ukuta wenye vumbi. Inabanduka yote na unga mweupe umeganda nyuma yake. Kwa hiyo paka rangi ya mafuta ukanda wa sentimita kumi kuzunguka dirisha, au pigilia vipapi vya mbao na ndoano ndogo ili nailoni ininginie na kubanwa. Matundu ya hewa yanazibwa pia na mfuko wa unga uliojazwa matambara, umekatwa saizi ya tundu. Chini ya mlango, taulo la maji lililokunjwa mara mbili. Feni na kiyoyozi, zima. Choo cha ndani, tia maji kwenye kisima cha bakuli, na tundu la maji sakafuni liwekee kitambaa kibichi.

JIKO LA MKAA LISIINGIE HUMO. Hata la kuchemshia chai ya mtoto. Chumba kilichozibwa na mkaa ni kifo kisicho na harufu.

Na hili linasahaulika kila mara. Nyumba inavuja polepole. Gesi kidogo itaingia, na wingu la nje likishapita, hewa ya ndani ndiyo inakuwa CHAFU kuliko ya nje. Mkisikia tangazo kuwa limepita, fungueni kila kitu, tokeni nje, msiendelee kukaa kwa woga. Ndiyo maana redio ndogo ya betri inaingia kwenye orodha.

---

Kusi_na_Kaskazi

> "panda juu"

Kwa klorini sawa. Msomaji asiichukue kwa LPG. Kwenye LPG ghorofa ni mtego.

---

dawa_saa_kwa_saa

Huduma ya kwanza, kwa kifupi ila msiruke.

Macho: maji safi yanayotiririka, dakika 15 kamili kwa kutazama saa, kope zikiwa zimefunguliwa kwa vidole. Lenzi za macho zitolewe. Si matone, si maziwa.

Nguo zilizoloa kemikali zikatwe kwa mkasi, zisivuliwe kupitia kichwani. Zifungwe kwenye mfuko, zikae nje. Kisha maji mengi mwilini na sabuni ya kawaida.

Kuungua kwa moto: maji ya bomba ya kawaida dakika 20. Dawa ya meno, mafuta ya kula, unga, vyote hapana, vinamfanya daktari aanze kwa kukwangua. Kitambaa cha nailoni au poliesta kilichogandia kwenye ngozi usikivute, kata kuzunguka. Ndiyo sababu nguo ya kulalia ya mtu wa jirani na gesi iwe pamba. LPG ya kimiminika ikimwagika mkononi inagandisha ngozi. Maji ya uvuguvugu, bila kusugua.

Aliyevuta klorini akatulia na kusema yuko sawa, apelekwe hospitali hivyo hivyo. Mapafu yanaweza kujaa maji saa kadhaa baadaye, hata ndani ya siku nzima. Asitembezwe, asibebeshwe kitu, akae nusu ameketi.

Halafu nyumbani kwenyewe: Jik na dawa ya choo yenye asidi visikae ndoo moja wala visichanganywe. Mnatengeneza klorini wenyewe, bila kiwanda.

---

Koki_Kuu

Mafuta. Petroli iliyomwagika si zawadi. Sinai, Nairobi, 12 Septemba 2011: mafuta yalivuja yakafuata mtaro hadi kwenye makazi, watu wakachota, moto ukafuata. Msamvu, Morogoro, 10 Agosti 2019: lori la mafuta lilipinduka, yakawa yale yale. Kila moja iliua takribani watu mia au zaidi. Kinachowaka ni mvuke, nao unatembea chini kwa chini hadi kwenye jiko la mama lishe, kisha moto unarudi nyuma hadi chanzo. Hata kuwaonya wanaochota, fanya ukiwa mbali, kwa kupaza sauti. Uvujaji mkubwa, mita 300 upande upepo unakoelekea. Tangi likiwaka, 800 pande zote.

Mwanga mkubwa ukiuona usiku, usisogelee dirisha kutazama. Mshindo unachelewa kama sekunde tatu kwa kila kilomita, unakukuta umesimama mbele ya kioo. Lala chini nyuma ya ukuta. Vitanda visiwe chini ya dirisha linalotazama ghala, na pazia liwe zito, lifungwe usiku.

Mkoba sasa. Uning'inie kwenye msumari ule ule wa ufunguo: nakala za vitambulisho na kadi za kliniki ndani ya nailoni, dawa za siku 7 kwa wenye presha, sukari, pumu au wanaotumia ARV, tochi, filimbi, chaja ya akiba, redio, noti ndogo ndogo, kanga mbili za pamba, maji lita 3 kwa mtu kwa siku (mengine yaachwe kwa ndugu mtakakokimbilia, hayabebeki). Viatu vya kufunika vidole viwe chini yake, kila mtu na vyake. Vioo barabarani havina huruma kwa ndala.

---

mama_ploti_ya_pili

Watoto wakiwa shule?

---

Kusi_na_Kaskazi

Usiende kuwafuata ndani ya wingu. Shule iulizwe leo: mtawapeleka wapi, nani anashika orodha? Mlipuko wa ghala la mabomu Gongo la Mboto, Dar es Salaam, 16 Februari 2011, watu walikimbia usiku na watoto wengi walipotezana na wazazi wao. Wekeni sehemu mbili za kukutania, moja karibu na moja nje ya kilomita mbili, pande tofauti za upepo. Msikiti, kanisa, stendi, popote mtoto anapopataja bila kusaidiwa. Na namba ya ndugu mmoja wa mkoa mwingine, kila mmoja aikariri. Mtandao ukielemewa, ujumbe mfupi hupita pale ambapo simu haipiti.

---

Dari_na_Bati

Baada ya moto mkubwa kuna mvua, na hapo ndipo maji yanapoharibika. Masizi yako juu ya bati. Kabla ya wingu la mvua, chomoa bomba la gata linaloingia kwenye simtanki, acha mvua ya kwanza ioshe paa imwagike nje. Mfuniko wa tangi ufungwe tangu siku ya moto. Mboga za uani za majani mapana zisiliwe.

---

mama_ploti_ya_pili

Na kisima? Wengine wako mita mia kutoka kwenye matangi.

---

Koki_Kuu

Chota maji kwenye chupa ya kioo angavu, acha yatulie nusu saa, tazama kwa mwanga wa jua pembeni. Petroli na dizeli huelea, utaona utando wenye rangi za upinde. Nusa ukiwa mbali na moto. Ukiona au kunusa chochote, acha kunywa, kupikia na kuogea. Kuchemsha hakusaidii: kunapeleka mvuke wa petroli jikoni kwako, karibu na moto. Dawa ya maji nayo inaua vijidudu tu, mafuta haiyagusi. Usiwashe pampu ya umeme iliyo ndani ya shimo la kisima. Ripoti kwa ofisi ya mazingira, NEMC kwa Tanzania, NEMA kwa Kenya, ukiwa na chupa hiyo imefungwa, tarehe imeandikwa juu, na chupa ya pili mbaki nayo nyumbani.

Na utando usipoonekana haina maana maji ni salama. Sehemu ya petroli huyeyuka na haionekani kwa macho, kwa hiyo jirani wa matangi yaliyovuja asubiri majibu ya maabara hata kama chupa ni nyeupe pe.